Mkono wa Kushoto

"Kaa ucheze," mzee alisema. "Kinanda hakinunuliwi kwa macho."

Mpiga pasi alimgeukia mumewe, fundi baiskeli, aliyesimama mlangoni na kamba ya kufungia mzigo begani. Mume akainua nyusi tu. Ni yeye aliyesikia kwa mteja kwamba mzee huyu, mwanamuziki wa harusi aliyepatwa na kiharusi, anauza kinanda chake cha umeme.

Nyumbani mpiga pasi alikuwa na kinanda cha plastiki cha watoto, kilichoachwa na wageni wa hoteli anakofanya kazi. Kilikuwa kifupi kama mkono wa shati. Kila wimbo aliouanza ulifika ukingoni ukadondoka. Zile sauti nene, alizozisikia kutwa nzima katika mngurumo wa mashine za kufulia huku akinyoosha mashuka, hazikuwa na pa kukaa. Alirudi nazo kichwani jioni na kulala nazo hivyohivyo.

Sasa vibonye vilitandazwa mbele yake, vingine vimefifia kwa kuguswa. Akacheza kwa mkono wa kulia wimbo mmoja wa polepole aliojifunza kwa kubahatisha.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Na huo mwingine umekuja kutembea?"

Mkono wa kushoto wa mpiga pasi ulikuwa umelala pajani. "Huu haujazoea, baba. Haukuwahi kupata nafasi."

"Kazini unafanya nini?"

"Unatangulia. Unatandaza shuka, pasi inapita."

"Basi na hapa ni kutandaza."

Mzee akavuta kiti, akakaa ubavuni kwake upande wa kushoto. Mkono wake wa kulia aliuweka mapajani, akiuinua kwa ule mzima, kama mtu anayeweka chini mzigo wa mwenzake. Kisha mkono mzima ukaenda kwenye vibonye vya sauti nene.

"Anza tena. Usinisubiri."

Mpiga pasi akaanza. Sauti nene ikaingia chini ya wimbo, taratibu, ikaubeba. Vidole vyake vikataka kusimama visikilize, lakini mzee alikuwa anaendelea, naye akaendelea. Mke wa mzee, aliyekuwa akikunja blanketi la kufungia kinanda, alibaki amelishika kifuani. Fundi baiskeli alishusha kamba begani.

Wimbo ukaisha. Mpiga pasi alijua alichotaka kusema, na alijua kitamuumiza mwenyewe.

"Baba, labda kibaki."

Mumewe akakohoa.

"Kibaki kifanye nini?" mzee aliuliza. "Nikikaa nacho peke yangu nasikia nusu ya wimbo, na nusu nyingine naijua. Hiyo ninayoijua ndiyo inayonitesa."

"Anashinda akikitazama," mkewe alisema kwa sauti ya chini. "Hata chakula kinapoa."

"Kichukueni," mzee alisema. "Upesi, kabla sijawa mbishi."

Wakakifunga kwenye baiskeli. Mume aliisukuma, yeye akashikilia nyuma. "Nimewahi kubeba kabati la vioo kwa baiskeli hii," mume alisema njiani, "na sikutokwa jasho hivi." Akatarajia mkewe acheke. Mkewe alitabasamu, lakini kwa kuchelewa.

Jua lilikuwa bado linaingia dirishani walipokiweka mezani. Mpiga pasi akakaa, akaupeleka mkono wa kushoto kule chini. Ulibonyeza, ukakosea, ukabonyeza tena, mzito kama mgeni anayetafuta swichi ya taa. Sauti zote alizozitamani zilikuwa pale, na hakuna iliyomtii. Zamani alikosa kitu asichokijua vizuri. Sasa alikijua, ule mkono wa kushoto wa mzee: kilikuwa na uzito wake na mwendo wake, na kilibaki kwenye nyumba ya watu wengine.

"Utazoea," mume alisema.

"Najua."

Simu ya mume ikaita. Alikuwa mke wa mzee; mume akampa mkewe simu.

"Shikamoo, mama," mpiga pasi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Anauliza kama kimefika salama. Amekataa kuuliza mwenyewe."

"Kimefika. Yuko karibu?"

"Yuko hapa mezani."

"Mwekee simu karibu."

Naye akawasha spika, akailaza simu ya mume kando ya kinanda. Alisikia kiti kikisogezwa, kisha pumzi za mtu asiyezungumza. Akaupumzisha mkono wa kushoto, akaanza ule wimbo wa polepole kwa mkono wa kulia peke yake, na kila palipostahili sauti nene, alipaacha wazi.

Katikati ya wimbo, simu ikaanza kutoa mlio hafifu wa kugonga, kama wa vidole juu ya mbao. Huenda alikuwa mzee. Huenda mkewe alikuwa anakatakata kitu jikoni. Mume alisogea ili asikie vizuri, akamwangalia mkewe. Mpiga pasi hakuinua kichwa. Alipunguza mwendo kidogo, akaendelea.