Gisiri Alivyokwenda Ukweni na Barafu Kifuani

Gisiri aliuza simu mjini Migori, na katika mambo yote aliyoyaogopa duniani, kubwa lilikuwa kuonekana mtu wa kawaida. Ndiyo sababu alinunua pikipiki kubwa mno ya kwenda nayo dukani, mahali ambapo angefika kwa miguu kabla injini haijapata moto. Ndiyo sababu pia alinunua jaketi jeusi, zito, lenye zipu nne na picha ya tai mgongoni. Aliyemuuzia alimwapia kwamba ni ngozi halisi ya nyati. Gisiri aliamini, maana bei nayo ilikuwa na pembe.

Mchumba wake, Liz, alikuwa na pikipiki pia, ndogo, iliyochubuka rangi. Alikuwa afisa wa kilimo, na siku nzima alizunguka nayo kwenye mashamba ya miwa upande wa Awendo, jua likiwaka. Alikuwa na mtindo wake: shati la pamba la mikono mirefu alilolilowesha maji, juu yake jaketi jepesi lenye matundu ya kupitisha upepo, kitambaa kibichi shingoni, na chupa ya maji aliyoinywa kabla kiu haijamkumbuka. Upepo ukipenya kwenye shati bichi, alisema, mtu anapoa kama mtungi uliowekwa kivulini.

"Unafanana na mtu aliyeopolewa ziwani," Gisiri alimwambia.

"Aliyeopolewa akiwa hai," Liz akajibu.

Jumamosi moja ya Februari walipanga kwenda Homa Bay, Gisiri akajitambulishe kwa mama yake Liz, Leonida, na kwa baba yake mdogo, Mzee Oguta. Baba yake Liz alikuwa amefariki, na Oguta ndiye aliyesimama mahali pake. Ndugu hao wawili walizaliwa kisiwani Takawiri, ndani ya ziwa, kabla ya kuhamia nchi kavu.

Walikubaliana kuondoka alfajiri. Alfajiri ilipofika, Liz alikuwa mlangoni na kofia yake ya chuma mkononi. Gisiri alikuwa anapaka jaketi mafuta. Akapaka na buti. Akafuta bomba la moshi mpaka akajiona meno. Kisha akamwita jirani ampige picha, na jirani hakujua kupiga picha, ikabidi zirudiwe. Walipoondoka, kuku walikuwa wameshakimbilia chini ya magari kutafuta kivuli.

"Nimekubebea jaketi lingine, lile la matundu," Liz alisema. "Vaa hili. Hilo lako tutalifunga nyuma, utalivaa tukikaribia."

"Nifike kwa mama mkwe nimevaa neti ya mbu?"

Karibu na Awendo walikuta malori ya miwa yamefuatana kama msafara wa harusi, hakuna kupita. Pikipiki ndogo ya Liz ilijipenyeza pembeni taratibu. Ile kubwa ilikwama nyuma ya lori, ikinguruma na kumpulizia mwenyewe joto mapajani. Jua lilimpiga kutoka juu, injini kutoka chini, na jaketi likamfunika katikati kama sufuria inayochemsha githeri.

Liz alimngojea kwenye kivuli cha mti. Vijana waliokuwa wakiuza miwa wakasogea kuitazama ile pikipiki.

"Boss, hausikii joto na hiyo jaketi?" mmoja akauliza.

"Joto ni mambo ya akili," Gisiri alisema. "Ni kujidhibiti tu." Wakati huo jasho lilikuwa likimtoka kwenye mkono wa jaketi kama bomba lililoharibika koki.

Liz alimpa maji. Akakataa. Alijua akinywa itabidi achimbe dawa njiani, na hakuona namna ya mwanaume wa pikipiki kama ile kuonekana amechuchumaa kwenye miwa na suruali ya ngozi magotini.

Wakapita Rongo. Walipofika Rodi alisimama mwenyewe bila kuombwa, kichwa kikimgonga. Liz akaenda kibandani kujaza chupa zake. Gisiri akaona mwanamke mmoja, Rael, akipanga samaki kwenye sanduku lililojaa barafu iliyopondwa. Akamwendea kama mtu anayetembea ndotoni.

"Mama, niuzie barafu."

"Ya kuweka samaki?"

"Ya kuvaa."

Rael alimtazama kuanzia buti hadi kofia. "Hii imelala na hawa mbuta tangu jana, ndugu yangu."

"Barafu ni barafu."

Rael hakuwa mtu wa kubishana na mteja. Akachota, akaitia kwenye kigunia kilichowahi kubeba sukari, akakifunga kwa kamba. Gisiri akakiingiza kifuani na kuvuta zipu hadi kidevuni. Liz aliporudi alimkuta amefura mbele kama jogoo.

"Umeweka nini humo ndani?"

"Sayansi," Gisiri akasema, akawasha pikipiki.

Mwendo wa kwanza ulikuwa peponi. Aliimba. Aliwapungia mkono watu asiowajua. Kisha barafu ikaanza kufanya ambacho barafu hufanya. Maji yakapita kwenye kigunia, yakashuka tumboni, yakaingia kwenye suruali, yakajaa ndani ya buti. Ubaridi ukaisha, harufu ikabaki. Na kwa kuwa jaketi halikuwa na tundu hata moja, upepo wote wa Homa Bay haukuweza kuingia kumsaidia, wala mbuta hakuweza kutoka.

Leonida alikuwa amewaalika akina mama wa kanisa wamsaidie kumpokea mgeni. Viti vilipangwa uani, chai tayari. Gisiri akashuka kwenye pikipiki polepole, na wote wakaona: suruali ilikuwa imelowa kuanzia mshipini hadi magotini. Wenye adabu wakatazama mawingu. Paka akatoka jikoni, akaja akakaa mbele yake kwa heshima. Akaja wa pili.

"Karibu, mwanangu, pole na safari," Leonida alisema, akijitahidi kumtazama usoni tu. "Mmekutana na mvua?"

Hapo Gisiri angeweza kusema kweli, wakacheka, wakanywa chai. Lakini aliwaona akina mama wale wote, akasema, "Hapana, mama. Kuna mashua ilikuwa inazama. Nimeingia ziwani kuwaokoa wavuvi."

Akina mama wakaguna kwa huruma. Mmoja akasema Bwana asifiwe. Liz alifumba macho.

Mzee Oguta aliweka kikombe chini. "Pole sana, kijana. Ilikuwa ufuo gani?"

Gisiri alijua jina moja tu la ufuo, na alilisikia kwa Liz. "Takawiri."

"Takawiri," Oguta akarudia. "Na pikipiki ulikuwa nayo?"

"Niliiacha pale barabarani, mzee."

"Hiyo barabara ya kuvuka ziwa wameijenga lini? Mimi nikienda kwetu bado napanda boti."

Gisiri alifungua mdomo ajibu. Alianza kueleza kwamba barabara ilikuwa ya upande wa pili, halafu akawaona akina Oguta wawili, akashindwa kujua amjibu yupi. Akaketi mahali pasipokuwa na kiti.

Liz alimshika shingo. Ngozi ilikuwa ya moto na kavu kabisa. Hakungoja. Akashusha zipu, akamvua jaketi pale pale uani, na kigunia kikaanguka miguuni pa paka. Magamba ya mbuta yalikuwa yamemganda kifuani. Yule nyati naye alikuwa ametoa rangi yote: tumbo la Gisiri lilikuwa jeusi kama sufuria, na ndani ya jaketi kulibaki kitambaa kinachobambuka.

Mama mkwe kuona tumbo la mkwe ni mwiko. Leonida alijifunika leso kichwani, akaingia jikoni, na akina mama wote wakamfuata, ingawa wengine hawakufanya haraka.

Walimlaza kivulini. Liz alimmwagia maji, Oguta akampepea kwa ungo na kumnywesha maji ya chumvi na sukari, kidogo kidogo, kwa upole kama mtu anayemlisha mtoto. "Ngozi ya mnyama gani hii," aliuliza bila kumtazama mtu, "inayobambuka kama ganda la kitunguu?"

Jioni Gisiri alikuwa ameketi mkekani, amevaa shati la Oguta, akili zimemrudia zote, jambo ambalo halikumfurahisha. Liz alimpa uamuzi wa wazee: ziara ile haihesabiki. Atarudi Agosti, na wazee wake, kwa gari, akiwa mkavu.

"Joto halina aibu," Liz alisema. "Hata mimi lilinilaza mwaka wangu wa kwanza kazini. Lakini Takawiri, Gisiri?"

"Ndilo jina lililokuja."

"Kulikuwa na lingine fupi. Barafu."

Gisiri alivuta vuta nyuzi za mkeka. "Mama amesemaje?"

"Amesema uletewe uji."

"Na kuhusu mimi?"

"Ameuliza kama una kaka."

Gisiri alilifikiria jambo hilo kwa makini. "Yuko," alisema, "lakini ameshaoa."