Kompyuta Iliyovikwa Nguo

Nani aliyemwambia mtu kwamba chombo kinachochemka kinavishwa nguo? Mchoraji aliliuliza hilo kimoyomoyo, bado yuko mlangoni na mkoba begani, maana aliyeivisha kompyuta yake alikuwa mama mkwe, na mama mkwe hakemewi hovyohovyo.

Kazi yake ni kutengeneza picha za majengo ambayo hayajajengwa, zinazotembea kama sinema. Akishachora, anaiachia mashine izipike moja moja kwa saa nyingi, na hapo ndipo prosesa na kadi ya michoro hushika moto wa kukaangia yai. Kwa hiyo alikuwa na utaratibu, na ole wake atakayeuvuruga: ubavu wa kasha unabaki wazi, feni ya mezani inapuliza ndani, vumbi linapigwa brashi, na nyuzi za joto zinasomeka kwenye kona ya skrini. Majirani walimtania wakamwita Mama Feni. Mumewe aliimbiwa mpaka akachoka: zikipita tisini, simamisha kazi, nipigie.

Asubuhi aliiacha ikipika filamu ya maktaba mpya. Mhandisi aliyeiagiza hakumung'unya maneno: isipofika saa kumi na moja jioni, kazi zake zote zinakwenda kwa mtu mwingine. Mchoraji akaenda kupima kiwanja cha mteja, akamwacha mume sebuleni karibu na mashine, pamoja na mama yake.

Sasa ni saa kumi. Ubavu umefungwa, feni imesukumwa pembeni, na kitambaa kizito cha kufuma kimeifunika mashine gubigubi. Aligusa kasha, akaurudisha mkono upesi. Skrini ilikuwa nyeusi. Alikivuta kile kitambaa, akasubiri joto lishuke, akaiwasha. Lo! Hata nusu ya picha haikuwa imepikwa. Mashine ilijikongoja kutwa nzima ikipunguza mwendo ili isiungue, mwisho ikajizima yenyewe.

“Umekiona, mwanangu?” mama mkwe alitoka jikoni akitabasamu. “Nilitaka kukushtukiza. Maskini ilikuwa inavuma kama inaumwa, na vumbi lote linaingia tumboni. Ule mlango wake ulinishinda kufunga, mumeo ndiye aliyenifungia kwa bisibisi.”

Mchoraji alimgeukia mumewe pale kwenye kochi. Alikuwa anajitia hamnazo, macho yote kwenye televisheni.

“Wewe ulifunga?”

“Sasa ningemwambiaje mama? Kafuma wiki nzima.”

“Na nyuzi uliziona?”

“Niliziona zimekuwa nyekundu. Nikadhani itavumilia.”

“Itavumilia!” Sauti yake ilipasua nyumba. “Wewe unakaa mita mbili kutoka kwenye mkate wangu unaoungua, unadhani utavumilia? Kuinua simu tu, bwana! Au mdomo nao ulifungwa kwa bisibisi?”

“Punguza sauti. Mama yupo hapa. Heshima ni kitu cha bure.”

Hapo hasira za mchoraji zilipanda. Angeweza kuirusha rimoti ukutani. Lakini aliyesogea mbele alikuwa mama mkwe, na tabasamu lilikuwa limeshamtoka.

“Hebu subiri. Wewe ulijua nguo hii inaiharibu?”

“Mama, nilikuwa sitaki kukuvunja moyo.”

“Ebo! Ukaniacha niiharibu kazi ya mkeo kwa mikono yangu, huku nacheka, najiona mwema? Hiyo ndiyo heshima yako? Mimi ni mtoto mdogo, wa kudanganywa? Chukua simu. Mpigie huyo mhandisi wewe mwenyewe.”

“Mama, mimi…”

“Mpigie!”

Alipiga. Mchoraji alinyoosha mkono, akabonyeza spika, mumewe asije akamung'unya maneno.

“Habari, mhandisi. Filamu itachelewa. Kompyuta ilipata hitilafu…”

“Haikupata hitilafu yoyote,” alisema mchoraji. “Sema.”

Mume alimtazama mama yake, akakuta uso mkavu.

“Nilikuwepo. Niliiona inachemka, nikanyamaza.”

“Basi, ndugu,” ilisema sauti ya mhandisi, “mwambie mkeo alikuwa fundi mzuri sana.” Na simu ikakatwa.

Mume akafungua mdomo kusema pole. Mkewe alikuwa ameshaingia chumbani, na mama yake amesimama mlangoni, amemzibia njia.