Jairo Afumba Macho Jukwaani

Jairo alikuwa na tabia moja iliyowachosha watu wa Ibaba: hakuweza kusema jambo kubwa bila kulitia mzaha. Mwaka ule wa 1953 jambo kubwa lilikuwa mchezo wa kuigiza wa shule yake ya jioni, basi mizaha yote ikawa ya mchezo.

"Msiogope giza," aliwaambia wanafunzi wake, wote watu wazima, siku ya kwanza ya mazoezi. "Mwigizaji hutembea na giza ndani ya kazi yake. Kuigiza! Mmelisikia?"

Walilisikia, wakaguna.

"Na watazamaji muwapende. Bila wao mchezo hukauka, maana wao ndio wenye maji."

"Mwalimu," akasema Boazi, fundi wa majembe, "tuanze mazoezi kabla hatujazama katika hayo maji yako."

Lakini moyoni Jairo hakuwa akicheka. Darasa lao lilikuwa chumba cha nyuma cha kanisa, na Mzee Fanueli, mkuu wa baraza la kanisa, alitaka kukigeuza ghala la mahindi. Watu wenye ndevu kukariri irabu, alisema, ni kuchoma mafuta ya taa bure. Jairo aliomba nafasi moja tu. Fanueli akampa: Jumapili baada ya ibada waoneshe walichojifunza, mwanzo hadi mwisho. Wakikwama katikati, Jumatatu magunia yanaingia.

Mchezo aliutunga Jairo mwenyewe. Mzee Sijali anapata barua, anaishika miguu juu kichwa chini, anajifanya anaisoma; mkewe, aliyejifunza kusoma kwa siri, anamwumbua. Jairo alikuwa Sijali. Mke alikuwa Ruti, na Jumapili ile Ruti aliamka na homa, hata kusimama hawezi.

"Kuna mtu mmoja anayeyajua maneno ya Ruti," akasema Marta, mke wa Jairo, "na wewe unamjua."

Jairo alimjua. Ikupa, mke wa mwanawe Hezron, alikuwa ameyasikia mazoezi yote yaliyofanywa nyumbani kwa Jairo, kupitia ukuta wa matete, akisaga ulezi upande wa pili. Lakini Ikupa ni mkwe. Kwa Wandali wa milima ile, mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni wala hataji jina lake. Akimwona njiani huingia majanini, hata akiwa na mtungi kichwani. Miaka mitatu Jairo alikuwa hajui sura yake vizuri.

"Haiwezekani, baba," akasema Hezron. "Watu watatucheka."

"Kati ya kucheka na kucheza ni herufi moja tu."

"Baba!"

"Mwiko ni macho na jina," akasema Jairo, sasa bila mzaha. "Jina langu leo ni Sijali. Macho tutayawekea blanketi. Aulizwe mwenyewe. Akikataa, nitakwenda kumwambia Fanueli alete magunia yake."

Marta akaenda jikoni. Aliporudi alikuwa akijizuia kucheka. "Anasema blanketi liwe zito."

Jukwaa mle kanisani lilikuwa mbao juu ya meza nne. Walivuta kamba katikati, kutoka mbele hadi nyuma, wakatundika blanketi kama ukuta wa nyumba: huku sebule ya Sijali, kule jiko la mkewe. Watu waliwaona wote wawili, wao hawakuonana. Jairo alipanda akiwa amepakwa unga kichwani, uwe mvi.

"Nimepanda jukwaani," akawaambia watu. "Naomba nivune makofi. Ila yawe ya viganja vyenu, yasiwe ya mashavu yangu."

Watoto walicheka. Fanueli, benchi la mbele, alikunja mikono.

"Mume wangu," ikaja sauti ya Ikupa, nyembamba kwanza, kisha ikapata nguvu, "barua inasemaje?"

"Inasema hamjambo, sisi hatujambo."

"Karatasi nzima ni hatujambo tu?"

"Ukoo wetu mkubwa, mke wangu!"

Hapo hata wazee waliangua kicheko. Jairo akanogewa. Akarusha mikono juu kwa hasira ya Sijali, mkono ukanasa kamba, na blanketi likaporomoka.

Jairo aliona pindo la gauni na miguu pekupeku ikigeuka kushuka. Akishuka, mchezo umekatika. Fanueli alikwisha kuanza kuinuka.

Jairo akafumba macho. Akayakaza kabisa, akanyoosha mikono mbele.

"Mke wangu," akapaza sauti, "asiyesoma ni kama kipofu. Hata wewe sikuoni! Njoo unisomee."

Alingoja. Maisha yake yote alikuwa amewaona wanawake wakikimbia na kujifunika; hakuwahi kufikiri kwamba yeye naye ana kope.

Ubao ukalia. Miguu ilikuwa inarudi.

"Kaa chini basi, Sijali," akasema Ikupa. "Barua umeipindua."

Jairo akapapasa kigoda, akakikosa, akaketi sakafuni kwa kishindo. Watu wakapiga kelele za furaha. Ikupa akachukua karatasi, akaisema barua yote mpaka salamu za mwisho, bila kukosea neno. Jairo hakufumbua macho mpaka Marta alipomvuta mkono: "Amekwisha shuka."

Fanueli alikuja mbele. "Blanketi lilianguka."

"Mchezo haukuanguka, mzee."

Fanueli akatazama watu waliokuwa bado wakijifuta machozi ya kicheko. "Chumba kaeni nacho," akasema. "Mizaha yako punguza."

Marta alikuwa bado amesimama pale. "Mkweo anasema aliishika ile karatasi kama gome la mti. Anataka kujua kilichoandikwa. Anataka kusoma."

"Atasomaje?" akauliza Hezron. "Mwalimu si baba?"

"Mwalimu hutazama ubao," akasema Jairo, akipangusa unga usoni. "Mwambieni Jumanne awahi, akae nyuma kabisa. Mimi nitaingia kinyumenyume."