Mkono wa Fundi Feruzi

Tangu asubuhi Safi hakukalika. Akikaa kwenye kiti cha wodini, anasimama; akisimama, anakwenda dirishani, anakaza kikwembe ambacho wala hakikuwa kimelegea kiunoni, anarudi. Mumewe Feruzi, fundi cherehani anayejulikana mtaa mzima wa Makiso kwa kanzu na suti zake, alilala kitandani akimfuata kwa macho. Kusema ilikuwa tabu. Saratani ilikuwa imemla ulimi upande mmoja, na kila neno lilimwasha kama pilipili kwenye kidonda. Kesho daktari angeukata upande huo, halafu angechukua ngozi ya mkononi pamoja na mshipa wake wa damu, aikunje na kuishona kinywani iwe ulimi mpya.

Kisu Safi alikwisha kukizoea moyoni. Kilichomnyima raha ni mkono.

Juzi Daktari Paluku aliuliza swali dogo tu. "Papa Feruzi, kwa kazi yako unatumikaka na mukono gani? Ngozi tutaitoa kwa ule mwingine, sababu unaweza kubakia mugumu kidogo, na vidole havitakuwa tena vyepesi."

Feruzi, bila hata kupepesa macho, akainua mkono wa kulia. Basi muuguzi akauchora wa kushoto kwa wino, akaufunga bandeji, akakataza mtu yeyote asiuchome sindano.

Ulikuwa uongo mtupu. Feruzi alizaliwa mtu wa kushoto. Lakini kwao mkono wa kushoto ni wa chooni. Haulishi, hausalimu, haupokei kitu cha mtu. Utotoni walimfunga kamba kwenye kifundo cha mkono huo, na aliyekuwa akikaza fundo kwa amri ya baba yao ni kaka yake mkubwa, Idrissa. Feruzi akajifunza kula kwa kulia, kusalimu kwa kulia, hata kuandika kwa kulia, mwandiko wenyewe Mungu aujua. Mkasi tu ndio uliokataa. Ndiyo maana dukani kwake alitundika pazia, akawa anakatia vitambaa nyuma yake, na watu wakasema fundi anaficha ufundi wake usiibwe. Hata mkasi wake ulikuwa wa watu wa kushoto, aliletewa kutoka Kampala. Aliyeruhusiwa kuingia nyuma ya pazia ni Safi peke yake.

"Papa Nuru," alimnong'oneza sasa, akimwita kwa jina la mtoto wao, "useme weye mwenyewe. Aibu iko wapi?"

Feruzi akageukia ukutani. Safi alimhurumia, na papo hapo alitamani kumpiga kofi. Mtu ana saratani kinywani na bado anaogopa watu watasema nini!

Mchana Idrissa akaja, kanzu nyeupe imepigwa pasi, kola imekaa shingoni vizuri kabisa, kazi ya mdogo wake. Alipoiona bandeji, akamgeukia daktari aliyekuwa akipita vitandani.

"Docteur, hapana! Ule mukono ni wa chooni. Munataka kuutia mu kinywa chenye kinasomaka Kurani?"

"Papa, ngozi ni ngozi, tunaisafisha," alisema daktari kwa upole. "Siwezi kumuharibia mukono wa kazi."

Moyo wa Safi ukaruka. Idrissa akishinda, mkono utapona na siri itabaki siri! "Hata miye naona vile, Docteur," akasema haraka haraka.

"Bon. Kinywa ni cha Papa Feruzi. Donc, achague yeye."

Feruzi akagusa bandeji ya kushoto.

Safi alielewa, na kuelewa kwenyewe kulimchoma. Mkono wa kulia ukifungwa, mumewe angekula kwa mkono gani mbele ya watu? Kwa hofu ya kuonekana na kijiko, alikuwa tayari kuutoa mkono uliomlisha yeye na watoto wake.

Safi akatoka bila kuaga. Alipanda toleka, akamhimiza mwendesha baiskeli mpaka kijana wa watu akalalamika, akafika dukani, akapita nyuma ya pazia. Aliporudi wodini daktari alikuwa kwenye kitanda cha mwisho, na Idrissa bado anabishana na muuguzi. Safi akaweka mkasi na kipande cha kitambaa cheupe mapajani mwa mumewe.

"Docteur, kuya uone. Papa Nuru, ukate kola. Unikasirikie mpaka mwaka kesho, lakini leo ukate."

Feruzi alimtazama kama mtu aliyeuzwa. Kisha akaushika mkasi kwa mkono wa kulia. Mkasi ukakitafuna kitambaa, ukakivuta, ukakiacha na meno meno.

"Mutu iko mugonjwa, umuache," alisema Idrissa.

Lakini Feruzi alikuwa hamsikii. Alikikodolea macho kile kitambaa kilichoharibika mikononi mwake, na uso ukamkunjamana. Aibu zote angeweza kuzibeba, ila si hiyo. Akahamisha mkasi mkono wa kushoto, bandeji na yote, akazungusha kola nzima mara moja, bila chaki, bila kusita.

Vidole vya Idrissa vikapanda taratibu mpaka kwenye kola ya kanzu yake.

Daktari akavuta pumzi. "Papa, ungeniambia." Akaukamata mkono wa kulia, akabana mishipa yote miwili ya kifundo. Kiganja kikawa cheupe. Safi naye akabana pumzi. Daktari akaachia mshipa mmoja, na damu ikarudi, kiganja kikapata rangi. "Bon. Mushipa mumoja unatosha kuulisha. Tutatumia huu."

Idrissa alikuwa ameshaondoka.

Hakuonekana siku ya upasuaji, wala siku zilizofuata, Feruzi alipokuwa akilishwa kwa mpira wa puani. Safi alihangaika kati ya kitanda na mlango, akijilaumu. Ameuokoa mkono, je, amevunja undugu?

Siku mpira ulipotolewa, uji uliletwa. Wodi ilijaa wageni wa wagonjwa. Mkono wa kulia wa Feruzi ulikuwa na bandeji hadi kiwiko, na wa kushoto aliuficha chini ya shuka. Safi alipotaka kumlisha, akakaza midomo kama mtoto.

Idrissa akaingia, kavaa kanzu ile ile. Alikaa kitandani, akapitisha mkono chini ya shuka, akautoa ule wa kushoto akiwa ameushika kifundoni, pale pale alipokuwa akikaza kamba. Akaweka kijiko kiganjani, akavifunga vidole vya mdogo wake juu yake, kimoja kimoja.

"Ukule, mudogo wangu," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wodi nzima. "Mutu wa kukucheka aanze na miye."

Feruzi akasema bismillah yake. Ilitoka nusu, imelowa mate, ulimi mpya haujui bado kazi yake. Akala. Uji mwingine ulimwagika kidevuni, na Idrissa akaupangusa kwa mkono wa kanzu yake ya Ijumaa.

Safi akavuta kiti, akakaa.