Zagabe Alimupa Mulozi Jina

Niwategeeni: wanakufa kila siku ya Mungu, ile ya misa, saa tisa, na siku ya Mungu ingine wanakufa tena, bila kaburi. Munashindwa? Watu wa sinema.

Kwetu Kadutu iko sale ya video, mabati na benchi sita. Mwenye kuitumikisha, Zagabe, anashika mikro na kutueleza filme kwa Kiswahili. Ili tucheke, anawapa watu wa filme majina ya watu wa avenue yetu. Muzungu mwenye tumbo ni Papa Gaston kinyozi. Tunacheka mpaka machozi.

Filme ile ilikuwa ya zamani, bila rangi. Pori la kitambaa, mamba wa mpira, nyoka anavutwa na kamba unaiona. Kuna mama muzee, mulozi, anawalaani wazungu walioingia pori lake. Mutu anavimba tumbo, anakufa. Zagabe akapaaza sauti: "Muangalie! Maman Euphrasie ametoka soko, anachagua tumbo la leo!"

Euphrasie ni jirani yangu, mujane, anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Alikuwa amemukatalia Zagabe binti yake. Tulijua. Tulicheka vilevile, na mimi.

Wiki ile mutoto wa Bulonza, wa avenue yetu, akavimba tumbo. Dispensaire walisema minyoo. Lakini kuanzia siku ile hakuna mutu aligusa tena sambaza za Euphrasie. Zilioza kwenye beseni.

Nikamusindikiza kwa Zagabe.

"Papa, uniondolee lile jina."

"Lakini maman, ilikuwa ya kucheka tu!"

"Basi useme vile kwa mikro. Miye nauza samaki, siuzi kifo."

Zagabe akakuna kichwa. "Siku ya Mungu. Ukuje weye mwenyewe, wakuone."

Akakuja kutoka misa, amevaa kikwembe chake cha kikundi cha kanisa, Legio Maria, akakaa benchi ya mbele pamoja na mimi. Filme ilikuwa ileile. Mulozi alipotokea, Zagabe akasema: "Huyu si Maman Euphrasie. Nilidanganya. Huyu ni mama wa mbali, hatumujui."

Bulonza akapaaza sauti kutoka nyuma: "Bongo, unadanganya! Amekuroga na weye!"

"Iko Euphrasie!" watu wakaitikia. Watoto wakapiga benchi: "Eu-phra-sie! Eu-phra-sie!"

Zagabe akaangalia sale yake. Haijawahi kujaa vile. Akarudisha mikro kinywani.

"Haya, mumenishinda. Ni yeye."

Makofi. Kwenye ekra, wazungu walikuwa wanamufunga mama muzee kwenye muti, wanakusanya kuni. Euphrasie akasimama atoke. Mutu wa nyuma akamushika bega, kwa upole kabisa:

"Kaa, maman. Hatujafika pale unaungua."

Akakaa. Mukono wake ulikuwa ndani ya mukono wangu. Watu wakaanza kuniangalia na mimi, nikauachilia.