Alikokwenda Muthoka

Muthoka alipofika Thika kutoka Ukambani alikuwa hajawahi kuona mbao zikipasuliwa na kitu kingine ila watu wawili na jasho lao. Katika karakana ya Gurmit Singh, nyuma ya maduka ya Wahindi, alikuta msumeno wa duara umechomoza katikati ya meza ya chuma, ukizungushwa na mkanda mrefu uliopita kwenye tundu la ukuta hadi kwenye injini ya dizeli nje. Siku ya kwanza alisimama mbali akautazama tu. Ulizunguka kwa kasi mpaka meno yake yakapotea, ukabaki kama sahani ya maji iliyosimamishwa wima.

Gurmit alimfundisha bila haraka. Mikono ya shati ikunjwe juu ya kiwiko. Usisimame mstari mmoja na msumeno, simama kando, maana ubao ukikasirika hurudi ulikotoka. Kikibaki kipande kifupi usikisukume kwa vidole, shika kijiti cha kusukumia. Na kitu kikikwama, mkanda usimame kwanza, ndipo mkono wa mtu uende karibu. Muthoka aliyashika hayo yote. Haukupita muda mrefu mikono yake ikawa inayafanya bila kuulizwa, na Gurmit akamwachia meza, yeye akaenda kwenye randa zake.

Ng'ambo ya meza alisimama Gathogo, mpokeaji. Kazi yake ilikuwa kuupokea ubao uliokwisha pita, kuuvuta taratibu na kuondoa vipande. Alikuwa ametoka kizuizini karibuni, naye aliishi katika kijiji kimoja kati ya vile ambamo wakoloni waliwakusanya watu kwa nguvu tangu Hali ya Hatari itangazwe, njiani kuelekea Ruiru. Alikuwa mtu wa maneno machache. Hata angependa kuzungumza, kelele za injini zisingemruhusu, kwa hiyo wawili hao walisemezana kwa ishara. Kiganja kikielekezwa chini kilimaanisha polepole. Mkono ukiinuliwa juu, simama.

Mambo yalikwenda hivyo hadi msimu wa mananasi, viwanda vilipotaka masanduku kila siku na mbao zikawa za aina moja, urefu mmoja, asubuhi mpaka jioni. Hapo ndipo Muthoka alipoanza kuondoka.

Hakusinzia. Macho yake yalikuwa wazi na mikono ilifanya kazi. Lakini jua lilipopanda likapenya kwenye matundu ya mabati, vumbi la mbao liligeuka dhahabu hewani, likawa linaelea bila kutua, na mvumo wa msumeno ukashuka ndani ya kifua chake kama mvumo wa nyuki. Baba yake, mzee Ndambuki, alikuwa mtu wa mizinga. Muthoka alijiona anatembea nyuma yake kwenye nyasi kavu, mizinga imening'inia juu kwenye matawi, baba akipanda na mwenge wa moshi, moshi ukiteremka polepole na kulala begani mwake. Alisikia harufu ya nta. Wakati mwingine baba aligeuka akamwambia jambo, na Muthoka alikuwa karibu kulisikia ubao ulipokwisha. Aliinama akachukua mwingine, na baba alikuwa bado pale pale anamngoja.

Alizipenda saa hizo. Jioni alikuwa hachoki kama wengine.

Nyuma ya ukuta wa mabati kulikuwa na jiko la Bhagwanti, mke wa Gurmit. Alikuwa ameishi na sauti ya msumeno ule tangu ulipofungwa, akikanda unga na kukaanga vitunguu huku ukilia, na aliujua kama mama anavyojua kilio cha mtoto wake. Mtu aliye macho huusukuma ubao akisita mahali penye kifundo, akiongeza nguvu mahali palaini. Sauti hupanda na kushuka. Sauti ya msumeno mikononi mwa Muthoka, saa za jua kali, ilikuwa haipandi wala kushuka. Bhagwanti alimwambia mumewe kwamba yule kijana pale mezani hayupo. Gurmit alicheka kidogo, akajibu kwamba anamwona kwa macho yake, yupo, na kazi yake ni nzuri kuliko ya mtu yeyote. Bhagwanti hakubishana naye. Ila tangu siku hiyo, sauti ikinyooka, alitia chai kwenye vikombe vya bati akaituma karakanani, iwe saa ya chai au isiwe. Injini ikazimwa, watu wakaketi kwenye magogo. Gurmit alishangaa jinsi mkewe alivyokuwa mkarimu msimu ule.

Kisha Bhagwanti akaenda Nairobi kwenye arusi ya binti wa dada yake.

Siku hiyo hakukuwa na chai. Jua lilipanda, vumbi likageuka dhahabu, na Muthoka akaondoka mapema kuliko siku zote. Akaenda mbali zaidi pia, akavuka mto mkavu asioukumbuka, baba akiwa mbele. Ng'ambo ya meza kipande cha ubao kilijibana kando ya msumeno. Gathogo alikiona kikitetemeka. Aliinua mkono juu, Muthoka akautazama mkono ule, na Gathogo, alipoona ametazamwa, akachukua kijiti chake akaanza kukisogeza kile kipande kando kabla mkanda haujasimama.

Muthoka aliuona mkono ule ukiinuka, ila huko alikokuwa ulikuwa mkono wa baba yake ukiinua mwenge, naye akapiga hatua kuufuata. Ubao ulisonga mbele. Ukakipiga kijiti, kijiti kikateleza, na sauti ya msumeno ikabadilika kidogo mno, kama mtu aliyekohoa.

Gurmit ndiye aliyekanyaga wenzo wa kusimamisha mkanda. Gathogo alikuwa ameketi sakafuni, mkono wake ameukumbatia kifuani, anasema kwa sauti ya chini, tena na tena, kwamba ameharakisha. Walimfunga kwa kitambaa safi na Gurmit akampeleka hospitali kwa gari lake. Kidole cha shahada kilikatwa kwenye kiungo cha kwanza, na cha pili yake kilishonwa kikapona kikiwa kimepinda.

Jioni hiyo kila mtu alikuwa na maneno yale yale. Gathogo alijua sheria, akapeleka mkono karibu na msumeno kabla haujasimama. Gurmit alisema hivyo kwa huzuni, akaongeza kwamba pengine mtu aliyekaa kambini muda mrefu hana tena utulivu wa kazi ya mashine, na kwamba itabidi atafute mpokeaji mwingine. Muthoka aliyasikia yote. Alifagia vumbi, akalirundika, akalifagia tena.

Jumamosi alipanda baiskeli akaenda Ruiru, ambako mkewe Mwongeli alichuma kahawa kwenye shamba la mzungu na kupewa chumba cha kuishi. Mtoto wao, Mbuvi, alikuwa amelala. Muthoka alikaa mlangoni, akamweleza mkewe juu ya kidole cha mwenzake. Kisha, kwa kuwa Mwongeli aliendelea tu kupepeta maharagwe bila kumkatiza, akamweleza na yale mengine, nyuki, moshi, mkono ulioinuka. Hakuwahi kumwambia mtu. Yalipotoka mdomoni yalionekana madogo, ya kitoto.

Mwongeli aliweka ungo chini.

"Baba Mbuvi," alisema, "na huyo Gathogo, anadhani amekatwa na nani?"

"Anadhani amejikata mwenyewe."

Mkewe aliuchukua tena ungo wake, na Muthoka akakaa akisikiliza maharagwe yakirushwa na kudakwa mpaka jua likazama nyuma ya mibuni.

Kesho yake baada ya kanisa alikwenda kwenye kijiji cha Gathogo. Askari wa kijiji langoni walimuuliza maswali mengi, Mkamba anamtaka nani humo ndani, wakamruhusu mwishowe. Nyumba zilikuwa zimepangwa kwa mistari, zinafanana zote, na alilazimika kuuliza mara kadhaa. Njambi, mke wa Gathogo, alimpa kigoda, akamletea uji, akawaacha.

Gathogo alikuwa ameuegemeza mkono juu ya goti kama kitu cha kuazima. Muthoka alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, lakini yalimtoka yote kwa mara moja. Alisema kwamba aliuona mkono wake umeinuka. Aliuona vizuri, akasukuma. Alikuwa hayupo.

Kuku walipita kati yao. Muthoka alidhani atafukuzwa, na katika moyo wake alikuwa ameshaanza kuinuka, aliposikia mwenzake akimuuliza ni nini hasa alichokiona huko alikokuwa.

Akamwambia. Gathogo alisikiliza kila kitu, mizinga, nyasi, mto mkavu, akauliza hata mti uliokuwa na mizinga ni mti gani. Kisha akaanza kueleza, akitazama mbele, kwamba kambini naye alikuwa akiondoka hivyo hivyo. Walivunja mawe kutwa nzima, na yeye alikuwa shambani kwao analima na mama yake, wanafika mwisho wa tuta wanageuka. Waliokaa pale pale na mawe yao, wengine walirukwa na akili. Yeye alirudi mzima kwa sababu alikuwa hayupo.

"Kwa hiyo siwezi kukuambia ni kitu kibaya," alisema Gathogo. "Lakini jiwe halina mtu upande wa pili. Msumeno una mtu."

Muthoka aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yamemlengalenga na hakutaka yaonekane, akanywa uji uliokwisha poa.

"Kidole hakirudi," Gathogo aliendelea. "Jina langu linaweza kurudi. Kamwambie Singh yale uliyoniambia mimi. Yote, na nyuki pia, asije akafikiri unanifichia kosa."

Jumatatu Bhagwanti alikuwa amerejea. Muthoka aliwakuta yeye na mumewe uani, injini bado haijawashwa, Gurmit akinoa meno ya msumeno kwa tupa. Alisimama mbele yao akasema yote. Ilikuwa vigumu kuliko kwa Gathogo, kwa sababu Gurmit aliacha kunoa na kumtazama kama mtu anayesikia lugha ngeni. Mara mbili alimwuliza kama amelazimishwa kusema hayo. Muthoka alijibu kwamba hajalazimishwa. Alisema kwamba mikono yake ilikuwa imeijua kazi vizuri mno, ndiyo sababu akili ilipata nafasi ya kutoka.

Gurmit alianza kusema kwamba haiwezekani, kwamba mtu hawezi kupasua mbao zilizonyooka vile huku hayupo. Hapo ndipo Bhagwanti alipozungumza, kwa Kiswahili, ili Muthoka naye aelewe.

"Mimi nilikuwa nasikia. Kila siku nasikia. Ile chai, ulifikiri ni ya nini?"

Gurmit aliuweka msumeno mapajani. Alikaa hivyo, mzee ghafla, kilemba chake kimeingia vumbi, na alipofungua mdomo tena aliuliza tu ni nani anayejua njia ya kwenda kijijini kwa Gathogo.

Walikwenda pamoja kwa gari. Muthoka hakusikia Gurmit alimwambia nini Gathogo, kwa kuwa waliongea nyuma ya nyumba. Aliona tu Njambi akichungulia pembeni, kisha akirudi ndani akiwa amejiziba mdomo kwa mshangao. Kidonda kilipopona Gathogo alirudi karakanani, si kuwa mpokeaji. Gurmit alimweka kwenye wenzo wa mkanda, na amri ikawa moja, kwamba mkanda ukisimamishwa na Gathogo hakuna wa kuuliza kwa nini, hata Gurmit mwenyewe. Wasukumaji wakaanza kupokezana. Mtu alipasua rundo moja, akaenda kupiga misumari, mwingine akashika zamu. Masanduku yalipungua kidogo mwanzoni, na watu wa kiwanda walinung'unika.

Muthoka hakurudi kwenye meza ile. Yeye ndiye aliyeomba. Gurmit alimpa benchi karibu na mlango, pamoja na msumeno wa mkono, patasi na keekee ya kutobolea kwa kuzungusha, akamfundisha upya: mkono unaoshika ubao ukae nyuma ya patasi, kamwe usikae mbele ya makali, keekee ishikwe wima, isisukumwe kwa hasira, chombo butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu hulazimishwa. Muthoka aligundua kwamba msumeno wa mkono una subira. Mawazo yake yakienda, mkono hupungua, na mkono ukipungua msumeno husimama katikati ya ubao na kumngoja. Alikuwa akizinduka akajikuta amesimama tu, bila dhara, na vumbi kidogo limelala juu ya viatu vyake. Alijifunza kukiweka chombo chini, akae kwenye gogo, aende alikotaka kwenda, kisha arudi na kukiokota.

Baada ya muda shamba la Ruiru lilitaka fundi wa milango na vitanda vya kuanikia kahawa, na Muthoka akahamia huko na zana zake, karibu na Mwongeli na mtoto. Hali ya Hatari ilikuwa inalegea. Watu wa vijijini walianza kurudi kwenye ardhi zao na kujenga, Gathogo miongoni mwao, naye alimtuma mtu kwa Muthoka aje kumtengenezea mlango.

Muthoka alikwenda Jumapili. Walifanya kazi pamoja uani, Gathogo akiushikilia ubao kwa vidole vyake pungufu, Muthoka akikata, na wote wawili walizungumza sana, maana hapakuwa na injini. Mlango ulipokwisha waliutundika. Njambi alikuja akausukuma, akauvuta, akasema kwamba ni mzuri lakini unafungukia ndani, utakuwa unagonga kitanda. Wanaume wakatazamana. Gathogo alishauri kwamba kitanda kisogezwe.

Njambi alisema kitanda hakisogei. Basi wakaung'oa mlango, wakaulaza kwenye nyasi, na Muthoka akaanza kuzifungua bawaba upya.