Aliyeandikwa Kwenye Vifaa

Zoezi letu la kwanza lilikuwa kichekesho. Mkuu wa shule, Bwana Ngam, aligonga ile rimu ya lori inayoning'inia mlangoni pa ofisi, na watoto wakafanya walichozoea tangu darasa la kwanza: wakakimbilia uwanja wa mpira, wakapanga mistari. Uwanja wetu uko bondeni. Hewa ya sumu ya ziwani ikitoka, ndiko inakojaa kwanza, maana ni nzito, hutambaa chini na kufuata mashimo. Yaani tuliwapanga watoto wa watu vizuri kabisa, wafupi mbele, warefu nyuma, ili wafe kwa utaratibu.

Ziwa liko juu, kichwani mwa bonde, na kulitazama tu huwezi kulidhania lolote. Mara moja, kabla sijazaliwa, lilipumua mchana kweupe, na kijiji kilichokuwa kando ya kijito kikaisha bila hata mlango kuvunjika. Ndiyo maana wilaya ilitutaka tujipange.

Tulikaa kikao, Mkuu akachora ubao safu mbili, Watu na Vifaa. Kwenye Watu aliandika majina yetu na kazi zetu. Madam Lum, mwalimu mgeni, abebe wa chekechea. Mimi, Madam Bih, nishike taa ya mafuta na kutembea nayo usawa wa goti. Ikizimika bila upepo, mahali hapo hapafai mtu. Kwenye Vifaa yakaingia mablanketi, kamba, na kipaza sauti ambacho wilaya ilituletea bila betri.

"Hiyo chuma yako inaita watoto, Mkuu," alisema Bobe Loh, mzee wa Kwifon, baraza letu la jadi, aliyekuja kuliwakilisha. "Haiwafukuzi."

"Sasa wewe Bobe una nini kinachofukuza?"

"Tunacho," mzee akasema, akitabasamu. "Na wewe mwenyewe kinakukimbiza."

Sisi wanawake tukatazama sakafu. Alikuwa akimsema Mabu, anayetangulia Kwifon inapotoka: joho la manyoya ya ndege kutoka shingoni hadi magotini, uso mweusi wa mti, mkuki mkono mmoja na rungu mkono wa pili. Akipita, mwanamke huchuchumaa na kuinamisha macho. Na Mabu si mtu. Kuuliza nani yumo ndani ni kuitukana nchi nzima.

Mkuu alibaki na chaki hewani. "Nimwandike wapi?"

"Kwa watu usimwandike."

"Basi kwa vifaa." Akaandika, chini ya kamba: Mabu.

Kikao kizima kikacheka. Mimi sikucheka. Kisigino cha hicho kifaa nimekipaka mafuta ya mawese kila jioni tangu niolewe.

Waliotuamuru tuinamishe macho hawakufikiri kwamba chini ndiko miguu iliko. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, kwenye matanga ya chifu mdogo, Mabu alipita mbele yangu peku, na mguu wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho. Mume wangu Ndim ni fundi seremala. Kidole hicho kilikwenda na tezo. Sikumwambia kwamba nimeona, naye hakuniambia. Kila nyumba ina jambo lake lisilosemwa. La kwetu lilikuwa na manyoya.

Zoezi la pili, Mabu akatokea njia ya ziwani, na shule ilipaa. Watoto waliukwea mlima wa upande wa pili kwa mikono na miguu. Mkuu naye alikimbia, kipaza sauti kikimpiga kifuani, na Bobe Loh akacheka mpaka akakaa chini.

Jioni yake nilimpakulia Ndim ugali wa mahindi na njama-njama.

"Huyo Mabu," nikamuuliza, "akishawafukuza watu wote, yeye anapanda saa ngapi?"

"Mabu hachoki."

"Sikuuliza kama anachoka."

"Bih, ongeza mboga."

Kesho yake nikapeleka swali kikaoni. Hesabu ikifungwa kule juu, Mabu anahesabiwa na nani? Mkuu akanitazama juu ya miwani. "Madam, kwani blanketi unalihesabu na watoto?"

Ilitokea siku ya Jumanne, baada ya mapumziko. Darasa la nne lilikuwa likisoma kwa sauti, na nilichokitambua kwanza ni kwamba nalisikia vizuri mno. Vyura wa kijito walikuwa wamenyamaza. Nje getini, Nawain Funkuin (nawain ndivyo tunavyomwita mama wa heshima) alikuwa akikaanga maandazi yake, na juu ya sinia hapakuwa na inzi hata mmoja. Halafu huko ziwani kikasikika kishindo kizito, kama cha mtu anayeburuta kitanda chumba cha pili.

Mabu akatokea njia ya ziwani, juani.

"Leo si siku!" Mkuu alimpigia kelele kutoka barazani. "Ratiba inasema Ijumaa!"

Siku zote Mabu hukimbia kwa madaha, huyumba, hutishia huku, hurudi kule. Siku hiyo alikuja moja kwa moja. Nikaiwasha taa, nikaishusha kwenye mtaro wa getini. Mwali ukalala, ukawa wa buluu, ukazimika. Hata jani halikutikisika.

"Mkuu, piga rimu."

"Una uhakika, Ma—"

"Piga!"

Tukapanda. Lum alikuwa na mtoto mgongoni na wawili mikononi, nami nyuma yao na taa yangu. Nilipogeuka, kijito kilikuwa kimejaa ukungu mweupe uliokuja bila haraka. Mbuzi wa Mkuu alikuwa uwanjani. Alipiga magoti ya mbele, akaweka kichwa chini, basi. Hakulia. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, kwa sababu ya kule kutolia.

Juu, kila mwalimu akahesabu darasa lake. Wote wapo. Akina mama wakazidi kuja kutoka mashamba ya magimbi yaliyo kando ya kijito, majembe mikononi, wakilia kwamba Mabu amewatimua. Wa mwisho alikuwa Nawain Funkuin, unga bado viganjani.

"Amenipiga rungu mgongoni!" alifoka. "Mimi, mtu mzima na wajukuu! Nimepanda nikimtukana njia nzima. Nikageuka nimwongeze, nikaona kaanguka."

"Nani kaanguka?"

"Si huyo huyo Mabu!"

"Mabu haanguki," Bobe Loh akasema.

"Basi kalala."

Mkuu akakohoa, akafunga daftari. "Hesabu imetimia. Tumshukuru Mungu."

"Haijatimia," nikasema. "Bado mmoja."

"Nani, Madam? Watoto wote wapo. Walimu wote wapo."

Kila mwanamke aliyekuwa pale mlimani alitazama chini. Ndipo nikajua kwamba sikuwa peke yangu. Wengi wao walikuwa wakiyajua majina ya waliomo ndani ya manyoya miaka yote.

"Ndim," nikasema. "Mume wangu. Aliyetengeneza madawati ya shule hii. Yuko kule chini, ndani ya manyoya."

Bobe Loh alinisogelea. Alikuwa mjomba wa Ndim, na machozi yalikuwa yakimtoka, lakini sauti yake haikutikisika. "Nawain, kule chini hakuna mtu."

Nikaiwasha taa, nikashuka.

Kwenye mpera ilizimikia gotini. Nikaiwasha tena, hatua chache mbele ikazimikia kiunoni. Nikamwona. Hakuwa amelala, alikuwa amepiga magoti kwenye ua wa mibuni, ameushika mkuki, ukungu ukimfika kifuani. Hakuna unyoya uliocheza. Ule uso wa mti ulikuwa umenielekea mimi, na kwa jinsi ulivyochongwa, ulikuwa unacheka.

Nikamwita kwa jina lake. Bonde lote lilisikia.

Rungu likainuka. Kidogo tu, likaelekea juu, kule nilikotoka. Wapo wanaosema ni ukungu ulinichezea macho. Na waseme. Mimi najua mume wangu anavyoniambia niondoke karakana kunapokuwa na vumbi.

Nilipiga hatua nyingine, magoti yakalegea, na mikono ikanishika kitenge kwa nyuma. Alikuwa Lum, na Mkuu, ambaye sikutegemea angefika pale. Wakaniburuta mpaka juu.

Upepo ulikuja alasiri. Wanaume wakashuka peke yao. Baadaye Bobe Loh akaja kuniambia kwamba Ndim alikutwa shambani kwenye mibuni, alikuwa ameenda kupogoa. Hakukuwa na neno la Mabu. Hakuna aliyenitoza mbuzi kwa kutamka nilichotamka, kwa sababu kunitoza kungekuwa kukubali. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo hadi leo.

Mwaka uliofuata wilaya ikataka zoezi lingine. Ubaoni Mkuu alikuwa amelifuta jina la Mabu chini ya kamba, na hakuliandika popote.

Rimu ikalia. Akatokea njia ya ziwani, manyoya yakitikisika. Watoto wakakimbia, nasi tuliokuwa njiani tukachuchumaa. Nikatazama miguu, ingawa nilijua. Vidole vyote vilikuwepo, kulia na kushoto, na kifua kikaniuma upya kana kwamba ndiyo kwanza naambiwa.

Kando yangu alikuwa Lum, aliyeolewa kijijini kwetu Pasaka ile. Alikuwa ameinama kama inavyotakiwa, kauma pindo la kitenge, na macho yake yaliifuata ile miguu mpaka ikapotea kuelekea kijitoni.

Kule juu walimu wakahesabu. Mkuu akafungua mdomo.

"Bado mmoja," nikasema.

Safari hii hakuuliza nani. Bobe Loh alitazama pembeni. Watoto walisimama kwenye mistari yao, jua likiwachoma, hakuna aliyekaa, mpaka njia ya mpera ikatikisika na Mabu akapanda, polepole, akihema anavyohema mtu. Hakujua asimame wapi. Mtoto mmoja wa chekechea akasogea, akamwachia nafasi mwisho wa mstari.

Nikamhesabu.